Bastola Nzito Aliyoninunulia Mume Wangu

Bi Mardhiya mpendwa,

Kabla sijafika kwenye shida yangu naomba usistuke ukikuta neno bastola, maana si ya kumdhuru mtu, ni ya upepo, ile ya mchezo wa kulenga shabaha, ambayo hapa Uingereza mtu mzima anaruhusiwa kuwa nayo mradi nguvu yake iwe ndogo. Mimi ni mama wa Kipemba, nakaa Hounslow, nafanya kazi ya ofisini, na miaka michache nyuma nilifanyiwa operesheni ya titi upande wa kulia, wakaondoa na tezi za kwapani, nikapona, alhamdulillahi, lakini mkono ule haukurudi kuwa kama zamani, ukishika kitu kwa muda unachoka na ukilazimishwa unavimba.

Mwenzangu wa kazini, Emma, ndiye aliyenipeleka kwenye klabu yao, nikaenda kutazama tu, nikapewa bastola kuukuu ya klabu, nyepesi, yenye mtutu mfupi na mtungi mdogo wa hewa, kishikio chake wamekizungushia plasta kikae sawa na kiganja changu, na tangu siku hiyo sikuacha kwenda, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza baada ya hospitali kuutuma mkono wangu kazi nao ukaifanya. Siku nzuri risasi zangu zinaingia ndani ya duara jeusi, na kocha wetu Balwinder, Singasinga asiyejua kusifu, husema tu niendelee.

Sasa mume wangu, nimwite Muhsin, tangu niugue ananipokonya kila kitu mkononi, sufuria, mfuko wa sokoni, chupa ya chai, juzi mvua ilikuwa inanyesha akanipokea hata mwavuli, na sisemi ni ubaya, najua ni mapenzi, lakini nimekuwa kama mgeni ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Basi siku moja akarudi na mkoba mgumu kama sanduku, akaniwekea mapajani, ndani yake bastola mpya inang'aa. Alikwenda dukani peke yake akaichagua kama anavyonichagulia dhahabu tangu tuoane, anakipima kitu kiganjani, na kilicho kizito ndicho cha maana. Mwenye duka alimuonyesha nyepesi, yeye akaona anadharauliwa. Aliniambia, "Nilizishika zote. Nyengine zilikuwa kama za kuchezea watoto, wewe nikakuchukulia hii."

Nililia, akadhani ni kwa furaha, na kweli ilikuwa furaha, Bi Mardhiya, kwa sababu hicho ndicho kitu cha kwanza alichonitia mkononi badala ya kukitoa.

Klabuni niliijaribu mara moja tu. Uzito wote uko mbele, mtutu unainama kabla sijalenga, na kila risasi lazima uvute wenzo kwa nguvu ili hewa ishindiliwe ndani, na kesho yake mkono ulivimba mpaka bangili zikakataa kutoka. Tangu hapo kila wiki Muhsin ananibebea mkoba wa bastola mpaka kwenye gari ya Emma, tukifika Emma anaushusha, unakaa chini ya meza, mimi natumia ile kuukuu ya klabu, na nikirudi nyumbani mume wangu ananiuliza bastola yetu inakwendaje, nami namwambia inakwenda vizuri.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi klabu inakaribisha familia kuja kututazama, na Muhsin atakuja na ndugu yake Miraji, ambaye ameshahadithiwa habari za bastola hiyo mpaka kaikariri. Binti yetu Zahra ananiambia, kwa Kiingereza chake, nimweleze baba yake ukweli yaishe, lakini yeye kazaliwa hapa, hajui kwamba kwetu zawadi ya mume mke haitii ila wala dosari, mama yangu alivaa miaka mingi mkufu uliokuwa ukimkwaruza shingo na baba hakuwahi kujua. Nikiitumia ile nzito mbele yao, mkono utavimba na risasi zitakwenda ukutani. Nikimwambia siiwezi, ataniambia pole, ataichukua, na hatonitia tena kitu chochote mkononi. Hilo la pili ndilo ninaloliogopa zaidi. Nisaidie.

Mwenye Mkono Mmoja na Nusu,
Hounslow

*

Bibi wa Hounslow,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya bastola, mara ya pili kwa ajili ya mwavuli. Pole kwa maradhi, na hongera kwa duara jeusi.

Bastola mimi sizijui, kwa hiyo nilimpigia simu mtu anayezijua. Kasema mkono dhaifu hautaki bastola nzito wala hautaki bastola yenye uzito mbele. Unataka nyepesi, mtutu mfupi, uzito ukae karibu na kiganja, na kishikio kichongwe kwa kiganja chako wewe, si cha mtu mwingine. Hiyo ya kuvuta wenzo kila risasi uachane nayo kabisa, chukua ya mtungi ambao unajazwa kabla, hapo kazi ya kushindilia hewa haikuhusu. Triga iwe laini. Tena kasema mashindano mengine yanamruhusu mtu mwenye mkono kama wako kutumia kiegemeo, kwa hiyo muulize huyo Balwinder wako, na usione haya, wenye miwani nao hawaoni haya. Na waulize wale waliokutibu mkono uzito gani unaufaa. Ukivimba, bastola unaiweka chini siku hiyohiyo. Hili sikubembelezi.

Sasa tuje kwa Muhsin. Amekosea, na amekosea kwa namna ya wanaume wetu, wanaoweza kumnunulia mke vitu nusu ya duka bila kumuuliza mara moja. Dhahabu inakaa shingoni, haimuombi mtu ainyooshee mkono. Lakini kosa lake limetokana na kitu kizuri: kwenye duka lile alipoonyeshwa bastola ya mtu dhaifu, alikataa kuamini kwamba mkewe ni dhaifu. Mtu kama huyo hapotezwi kwa ukweli.

Na wewe, bibi yangu, umenikasirisha kidogo. Unalalamika kwamba mume anakupokonya sufuria, na wewe unampokonya habari. Yeye kaamua mkono wako hauwezi kubeba chupa ya chai, wewe umeamua moyo wake hauwezi kubeba neno moja, "nzito". Kila mmoja anambebea mwenzake mzigo ambao hakuombwa, na nyote wawili mmechoka. Mama yako Mungu amrehemu kama ametangulia, ampe umri kama yupo, lakini mkufu wake ulikwaruza ngozi tu. Huu wako unavimbisha mkono.

Fanya hivi, na ufanye wiki hii, usingoje Jumamosi ya wageni. Baada ya chakula toa hiyo bastola, uhakikishe haina risasi wala hewa, mpe Muhsin akiwa ameelekea ukutani. Mwambie anyooshe mkono mmoja, kiwiko kisikunjwe, aishike mnavyoshika klabuni. Kisha mueleze habari yote polepole tangu mwanzo: furaha yako siku ile, bangili, mkoba chini ya meza, mwavuli. Hutafika katikati ya hadithi atakuwa ameiweka chini, na mkono wake ni mzima. Hapo huna haja ya kuitia ila zawadi yake, mkono wake utakuwa umeshaitia. Lakini malizia hadithi, sehemu ya mwavuli usiiruke, maana hiyo ndiyo barua yako. Mwambie maneno uliyoniandikia mimi: kwamba ndicho kitu cha kwanza alichokutia mkononi, na unataka aendelee.

Halafu nendeni dukani pamoja. Ile imejaribiwa mara moja tu, muulizeni mwenye duka kama atawabadilishia, na akikataa, Miraji ana mikono miwili mizima na hamu kubwa, mpeni yeye akajiunge na klabu. Muhsin akupe bastola moja moja, wewe uzishike, wewe useme ndiyo au siyo, yeye anyamaze. Itakuwa shida kwake, lakini atazoea.

Jumamosi hiyo mkitoka nyumbani, bastola iwe imefungwa ndani ya mkoba wake kama sheria inavyotaka, na mkoba uubebe wewe mwenyewe mpaka kwenye gari. Muhsin atanyoosha mkono kuupokea, kwa sababu ameshazoea. Mpe mwavuli.

Bi Mardhiya