Njoo na Mikono Mitupu

Lumban Hariara,
Kisiwa cha Samosir.
23 Oktoba 2018

Mpendwa mpwa wangu Marolop,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Batam, kifua kimepona na kazi ya kuchomelea meli haikumalizi macho. Sisi hatujambo. Mama yako goti linamsumbua akipanda ngazi, ila shamba lake la vitunguu hajaliacha. Mpunga tumeshavuna. Simu zangu hupokei, basi nimeona niandike, maana barua huwezi kuikata katikati.

Salamu zimekwisha. Sasa nisikilize, kwa sababu nimekasirika.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kibanda cha kahawa nacheza chesi na Bonatua, mzee wa kanisa letu. Huku anasogeza farasi wake akaanza kucheka peke yake, akaniambia kwamba Jumapili ya mavuno ulikuja. Wewe, ambaye hujakanyaga kanisani tangu tumzike baba yako! Ulivuka bahari, ukavuka ziwa, ukafika mpaka mlangoni. Watu walikuwa wanaingia na magunia ya mpunga na kuku wa sadaka, na wewe huna kitu. Ndipo Bonatua, aliyekuwa akipokea watu, akakutania.

"We Marolop, miaka yote hii mjini, ndio unarudi kwa Mungu mikono inaning'inia? Nguruwe wako yuko wapi?"

Ukageuka, ukarudi kwenye kivuko. Mama yako alikuwa ndani, benchi la tatu, anaimba.

Niliupindua ule ubao wa chesi, kete zikamwagika chini, na wala sikuona haya. Nilimuuliza Bonatua ni lini alipewa kazi ya kukagua mizigo mlangoni kwa Mungu. Akajitetea kwamba ulikuwa utani tu. Nikamwambia utani apeleke harusini, mtu anayerudi kwa Mungu ngozi yake ni laini kama ya mtoto mchanga. Siku utakayokuja atakuomba radhi palepale mlangoni. Amekubali, na asipofanya atanitambua.

Lakini usidhani wewe umepona. Hasira yangu kubwa ni kwako. Mama yako amenieleza uliyomwambia kwenye simu juzi, kwamba umeanza kusali tena, ila kanisani utarudi ukishapata nguruwe mkubwa wa shukrani, na suti, na ukishaacha kunywa tembo. Nani alikufundisha hayo? Najua, ni sisi wenyewe. Tulikulea ukijua kwamba mtu haendi kwa wajomba zake mikono mitupu. Anabeba nguruwe, nao wajomba wanampa samaki na kumfunika kitambaa cha ulos mabegani kumbariki. Ni mila nzuri na siachi nguruwe wangu. Ila wewe umemfanya Mungu naye mjomba, amekaa mkekani anachungulia umebeba nini.

Tena mjomba wa namna gani huyo? Mimi hapa, mchoyo ninayejulikana kijiji kizima, siku ile baba yako alipokufa mlikuja kwangu na nini? Mlikuja na machozi tu, na samaki niliwapa. Leo unataka kuniambia Mungu ni mchoyo kunishinda mimi? Nimekereka sana na hilo.

Na somo la Pasaka ulilolipenda utotoni umelisahau. Yule mwanafunzi aliyemkana Bwana wake mara tatu alirudi zake kuvua. Alipomwona Bwana ufukweni hakungoja suti. Alijitupa majini, akafika amelowa chapachapa. Akakuta samaki yuko tayari juu ya makaa. Sasa wewe mtoto wa ziwa, niambie, kwetu anayetoa samaki ni nani? Ni yule anayebariki. Na alimpika kabla mkosaji hajatoka majini.

Hilo la tembo utaliacha ukiwa ndani. Hakuna anayeoga kwanza ndipo aende mtoni.

Mama yako nilimwambia kwamba ulifika mlangoni. Nilidhani atalia. Alifunga kanga yake, akateremka ziwani, akarudi na samaki mkubwa yungali hai. Amemweka kwenye beseni nyuma ya jiko, na kila asubuhi anambadilishia maji. Nilimwambia kijana hatakuja kesho wala keshokutwa. Akanijibu, "Basi atamngoja, kama mimi."

Mke wangu Rosinta anakusalimu, na binti yetu Lamria anasema sauti ya tatu kwenye kwaya haina mtu tangu uondoke. Bonatua naye anakusalimu. Salamu zake zipokee au zikatae, shauri yako.

Mungu wa baba yako akulinde baharini na ziwani. Ukija na nguruwe, nguruwe atabaki kivukoni na wewe nitakuingiza. Ila usikawie, mpwa wangu. Beseni lenyewe ni dogo.

Ni mimi nikupendaye hata kwa hasira hizi,
Mjomba wako Haposan