Hedifoni Zilizomrudishia Mzee Lado Sauti Yake

Nyakuron, Juba

Mpenzi Baba Zawadi,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha Kukhu, bibi wa watoto, kisha watoto wenyewe, kwa mpangilio huohuo, asije mtu akasema nimemruka. Kifua cha Kukhu kimeachia? Yale mahindi ya bondeni mmepalilia, au bado mnaangaliana? Zawadi anasoma mwenyewe au bado wewe ndiye unayemsomea? Mimi mwili ni mzima. Nimepungua, lakini jua la huku linampunguza kila mtu, hata wenye mali. Milio ya bunduki tumeisikia wiki hii kwa mbali, upande wa nyuma ya mlima. Kwetu kumetulia.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu hukatika kila ninapokaribia jambo lenyewe, na jambo la leo nataka ulipate mpaka mwisho. Barua hii anakuletea yule dereva wa lori la saruji. Mpe chai, na usimwulize habari za barabara mbele ya Kukhu.

Jambo lenyewe ni shukrani. Najua umezoea barua zangu za malalamiko. Malalamiko yapo, na yatapata zamu yake.

Kazi yangu unaijua, lakini ndugu yako Simiyu haijui, maana nasikia bado anawaambia watu sokoni Kitale kwamba nauza pombe Juba. Msomee hapa kwa sauti. Nilikuja kumpikia mtu chapati. Nikaondoka kwake nikaanza kuchaji simu za watu. Kutoka kwenye chaji nikanunua rekoda. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Sasa nina chumba cha mabati, ndani nimekizungushia magodoro sita ili kelele za nje zifie humo, na watu wanakuja kurekodi. Jumamosi ni kwaya. Siku nyingine ni watu ambao jamaa zao wako kaskazini, kwenye kambi za waliokimbia vita, ambako minara ya simu imelala. Mtu anasema salamu zake, mimi nazitia kwenye memori kadi, kadi inakwenda bandarini na kupanda tishari, kile chombo kipana cha chuma kinachobeba mtama na mafuta kuteremka mto. Kule inatiwa kwenye simu, mwenyewe anasikia wa kwao. Hiyo ndiyo pombe yangu, Simiyu.

Kazi hiyo bila hedifoni nzuri ni kupiga ramli. Nami nazitaka zile zilizofungwa nyuma, zinazoziba sikio lote. Za wazi zinavuja. Mimi na msemaji tunakaa chumba kimoja, kwa hiyo kinachovuja masikioni mwangu kinarudi kwenye maiki. Tena za wazi ni za mtu mwenye nyumba tulivu, na Juba nyumba tulivu ni ya marehemu tu.

Zangu za kwanza nilizinunua sokoni Konyokonyo, kwa muuzaji anayeongea kama redio. Akanivalisha, akanipigia wimbo wake.

“Mama, sikia hiyo besi! Inatingisha mpaka ini!”

“Mimi nataka maneno, si ini.”

“Maneno yamo. Yamekaa juu ya ini.”

Nilicheka, nikasikia vizuri, nikalipa. Kaa na hilo kwanza.

Ndipo akaja Mzee Lado. Ni mkulima wa bamia kutoka Rejaf, kusini kidogo mwa mji, mzee mrefu mwenye sauti nzito kama anayeburuta gogo. Kiswahili alikipata Uganda miaka ya ukimbizini, na anakisema anavyotaka. Binti yake Kiden aliolewa kaskazini, na sasa yuko kambini na watoto watatu. Mtu amempelekea habari kwamba baba yake aliuawa Rejaf. Kiden amelia, na sasa anajiandaa kufunga matanga, kisha aondoke na wanawake wengine wavuke mpaka. Akishavuka, basi tena. Nani atampata huko?

Mzee aliketi mbele ya maiki, kofia magotini. “Mama, hii mambo ni haraka,” akaniambia. “Hao watu nataka kuchinja mbuzi yangu ya matanga. Wakisha kula, mimi narudi kuwa hai namna gani? Nani nalipa mbuzi?”

Akasalimu. Unajua wazee wa huku, salamu haikatwi. Alimsalimu Kiden, mumewe, kila mtoto kwa jina, ng'ombe wao ambao nadhani walishaliwa na askari, halafu ndipo akasema, mimi baba yako, sijafa. Mimi nilikuwa nimevaa zile hedifoni. Sauti ilinijia nzito kupita kiasi, inavuma kama mtungi. Nikaona nimsaidie. Nikapunguza besi, nikapunguza tena, mpaka maneno yakanyooka. Nikajisifu. Kadi ikaenda.

Tishari iliporudi, Taban alikuja mwenyewe chumbani kwangu. Huyu ni kuli wa bandarini anayesafiri na mizigo, na ndiye anayenipelekea kadi. Aliirudisha kadi yangu mkononi kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

“Mama, malesh. Samahani,” akasema. “Yule binti nasikiliza mara tatu. Nasema hii si baba.”

“Si baba vipi? Alikaa kiti hicho hapo!”

“Nasema sauti ya baba yake natoka tumbo. Hii natoka pua. Nasema watu ya Juba nakula pesa ya watu, naleta mtu ya uongo. Sasa yeye nalia zaidi, kwa sababu kama baba iko hai, kwa nini watu nadanganya?”

Baba Zawadi, mimi nimeitwa majina mengi katika mji huu. Mgeni, mtu wa Kenya, mama wa magodoro. Mwizi wa sauti za marehemu, hilo lilikuwa geni. Nilikasirika na binti, na Taban, na hata mzee. Nikasikiliza ile kadi kwa hedifoni zangu, nikasikia Lado mwenyewe, hana kasoro. Taban akasema tishari inapakia tena, na wanawake wa kambini wanafunga mizigo. Alikuwa ananiambia kwa upole kwamba imebaki safari moja.

Ndipo nikakupigia. Naandika tuliyosemezana ili uone kwamba sikusahau.

“Hedifoni ulizijaribia wapi?” ukaniuliza.

“Sokoni.”

“Kando ya nini?”

“Kando ya nini tena? Kando ya jenereta ya mwenye barafu. Soko zima liko kando ya jenereta.”

Ukacheka. Kicheko kile nimekiandika mahali. Lakini baada ya kucheka ukaniambia neno kama mwalimu wa kwaya uliye: jenereta inavuma chini, inameza besi ya kila kitu kilicho karibu, kwa hiyo hedifoni zenye besi ya kupindukia ndizo zinazosikika sawa pale. Nikazileta kwenye magodoro, kwenye utulivu, besi ikanizidi, nami nikaenda kuipunguza kwenye koo la mzee wa watu badala ya kwenye makosa yangu. Ukasema, “Na usijaribie wimbo. Wimbo huujui ulivyozaliwa. Jaribia mtu unayemjua.”

Kabla sijauliza mtu gani, simu ikakatika. Baada ya siku chache dereva wa saruji akanipa bahasha kutoka kwako, ndani memori kadi imefungwa kwenye karatasi ya majani ya chai. Nikaisikiliza: Kukhu akigombana na yule kuku mwekundu anayeingia jikoni. Mwanetu Baraka akihesabu hadi kumi na kuiruka saba, kama kawaida yake. Na wewe, ukisafisha koo kabla ya kuimba, kile kikohozi chako cha mara mbili. Kumbe nimekaa mwaka huu wote nikirekodi salamu za watu wote wa mto huu, na za kwetu sikuwa nazo hata moja. Hilo ndilo lalamiko langu, na umelilipa kabla sijalisema.

Nikarudi kwa yule muuzaji. Nikamwambia naondoka na jozi tatu mpaka jioni, rekoda yangu ya zamani inabaki kwake rehani.

“Mama, unataka kuoa hedifoni?”

“Wewe ulinioza ya kwanza. Sasa nachagua mwenyewe.”

Jozi ya kwanza ilikuwa nyeusi, inang'aa, ina mafuta mafuta ya ngozi bandia. Nilipita kwa muuza sukari, akanipimia kwenye mzani: gramu mia nne na kumi. Ukiivaa saa moja kwa joto la huku, shingo inauliza ulimkosea nini, na masikio yanaoga. Nikatia kadi yako. Kukhu akawa askofu. Kuku aligombezwa kwa sauti ya mahubiri ya Pasaka. Nikaivua.

Ya pili iliandikwa ohm mia mbili na hamsini, kipimo cha inavyoukinza umeme. Muuzaji aliisifu kwa hiyo namba, kwamba kubwa ni bora. Kukhu humo alikuwa Kukhu kweli, lakini yuko ng'ambo ya mto. Nilifungua sauti mpaka mwisho na bado ananong'ona. Namba ikipanda namna hiyo inataka mashine yenye nguvu ya kuisukuma, na karekoda kangu kanakula betri mbili ndogo. Ni kumfunga punda jembe la trekta. Mtu mwenye mtambo mkubwa atafaidi. Mimi nikaiweka kando, kwa masikitiko.

Ya tatu ni mbaya ya sura. Ina mikwaruzo, jina limefutika, mito yake ya masikioni ni ya kitambaa. Ohm thelathini na mbili. Muuza sukari akasema gramu mia mbili na sitini. Mito inatoka, kwa hiyo inafulika. Waya umenyooka, mita tatu, hauvuti kichwa nikisogea. Nikaivaa, nikaibana vizuri, maana nywele nene zinaacha upenyo na upenyo unaiba besi. Kwa ajili hiyo zile rasta ulizozipenda nimezifumua, nimesuka mistari midogo tu. Usinune. Nikawasha.

Kukhu akamfokea kuku, nami nikasimama kumfukuza.

Nilisimama kabisa, na mkono nimeshauinua, mbele ya magodoro sita. Hapo sikuhitaji namba nyingine, ila mimi ni mimi, nikapima na uvujaji. Nikazilaza zote juu ya mto wa kulalia kwa zamu, zikipiga kwa sauti ileile, maiki umbali wa kiganja, nikatazama taa za rekoda. Jozi ya askofu iliwasha taa nne. Hii mbaya iliwasha moja, tena kwa kusitasita. Nikaenda kumlipa mwenyewe. Aliniuliza kwa nini nimechukua iliyochakaa. Nikamwambia ndiyo pekee isiyoongeza neno lake. Akasema, “Ungekuwa mke wangu ningefunga duka.”

Mzee Lado aliletwa na pikipiki ya bamia. Alikuwa amechoka na mimi, na alikuwa na haki.

“Mtu nakufa mara moja tu,” akasema. “Mimi hii mara ya pili nasema sijakufa.”

“Mara hii sitagusa kitu, Mzee.”

Akaanza tena na salamu, Kiden, mumewe, watoto, ng'ombe. Ilikuja sauti ya kuburuta gogo, kutoka tumboni, na kabla ya kila jina alivuta pumzi kwa mluzi mwembamba, ambao mara ya kwanza sikuusikia kabisa. Mkono wangu ulikuwa unawasha kupunguza hiki na kile. Nikaukalia. Taban akaondoka na kadi kifuani.

Kisha tukangoja. Sikuambii tulingoja vipi. Mzee aliacha kuuza bamia, akawa anakuja kukaa mlangoni kwangu bila kuuliza kitu, na mimi nikawa namjibu bila kuulizwa: bado.

Juzi Taban akaja. Alinyoosha kadi tu. Nikamketisha mzee kwenye kiti kilekile, nikamvalisha hedifoni juu ya masikio yake makubwa, nikawasha.

Kwanza aliruka, akageuka kutazama nyuma yake. Halafu akavua kofia.

Na hapo, Baba Zawadi, akaanza kujibu salamu. Alijibu kwa kelele, maana masikio yamezibwa hajui anapiga ukelele. Anajibu, ananyamaza, anatikisa kichwa, anajibu tena, kwa lugha yao ya Kibari, kwa adabu yote, kama vile binti yuko mlangoni na ana mzigo kichwani. Majirani walikuja kuchungulia. Taban alijifanya anafunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa ndala. Mimi nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kuhesabu mvi za ndevu zake, na sauti ya Kiden sikuisikia hata neno moja. Haikuvuja hata punje. Ilikuwa yake yote.

Alipozivua, alizishika kwa mikono miwili kama bakuli lililojaa.

“Kiden naja na tishari,” akasema. “Na watoto. Mbuzi wameacha.”

“Alisema nini kingine, Mzee?”

Akanitazama kidogo. “Hiyo ni yetu.”

Basi hizo ndizo shukrani zangu. Kadi yako ndiyo iliyochagua, mimi nililipa tu. Mwambie Kukhu kwamba ugomvi wake na kuku umemtoa mtu matangani. Mwalimu wa Zawadi msalimie, na fundi wa baiskeli aliyekupatia bahasha. Shemeji yangu Simiyu msalimie kwa sauti, watu wakisikia. Baraka mwambie saba ipo, nimeihifadhi huku, aje achukue nikirudi.

Na wewe, utakaponirekodia tena, usifute kile kikohozi. Jirani akiwasha jenereta mchana, mimi navaa zangu mbaya za sura, naziba masikio yote mawili, na kabla hujaimba nakujibu.

Wako, anayekusikia bila kuvuja,
Mama Zawadi