Sahihi Chini ya Taa

Shoga, yaliyompata dada leo sijui nianzie wapi.

Unaikumbuka ile picha ya kuchora ya mto, ambayo shemeji aliapa kainunua barabarani? Dada kaitundika sebuleni, fundi umeme akaweka taa ndogo juu yake.

Taa ilipowaka, sahihi ikaonekana pembeni. Jina la mtalaka wa shemeji. La mtalaka wake, shoga.

Dada akamwita mumewe taratibu. "Hebu nisomee hapa."

Shemeji kainamia simu yake. Fundi kajitia kukunja waya.

"Nisomee, mume wangu."

Akalisoma lile jina. "Nilishindwa kuitupa," akasema.

Dada akaitazama picha weee, kisha akamgeukia. "Picha nzuri, itabaki. Wewe ndiye sijui."