Jibu Lililogota Mpakani

Mji wa Kale, Mombasa
Machi 1967

Kwa mume wangu Gharib,

Salamu zetu zikufikie huko London ukiwa na afya. Sisi tu wazima. Mwanakuu wa jirani ameolewa. Sahani ya pilau ya harusi ililetwa hadi ghorofani, nikaila peke yangu.

Kazini Kilindini natafuta idadi ya makuli itakayopunguza gharama ya meli kungoja gatini. Nimepewa mipaka: wasipungue arobaini, wasizidi sitini. Kila nikizungusha mkono wa mashine ya hesabu, jibu bora huwa sitini. Chengo, karani mwenzangu, alicheka: "Dada Mahfudha, hesabu yako yagota ukutani kama mbuzi kipofu. Si uupige teke huo ukuta?"

Nadhani alisema kweli. Jibu linapong'ang'ania mpakani, pengine lililo bora zaidi liko ng'ambo, na mpaka ndio uliotuzuia kuliona.

Uliniambia nikungoje mpaka upate nyumba, kisha mpaka baridi ipite, kisha mpaka upandishwe cheo. Neno hilo "mpaka" nililisikia kama tarehe. Sasa nalisikia kama ukuta. Huenda nakosea, huenda ni upweke tu unaojifanya hesabu. Ndiyo maana sikadirii tena, nakuuliza: wataka nije, au hutaki?

Ikiwa hutaki, liandike jibu hilo wazi. Kulisoma, nitalisoma peke yangu.

Ni mimi mkeo,
Mahfudha