Namba ya Anayeishi Peke Yake

Jumatatu, 12 Januari

Baridi ya kukata masikio. Sijaongea na mtu tangu Ijumaa, ila paka, naye kaninunia.

Faili jipya: Arvid Stenslie, mzee wa ng'ambo ya ziwa. Muuguzi wetu Tawnya kaandika sababu ya kumtembelea nyumbani: udhaifu wa mwili. Basi! Kazi yangu, hapa hapa nyumbani, ni kugeuza maneno ya wauguzi kuwa namba za magonjwa, na udhaifu mtupu bima ya wazee hailipi — wanataka kujua umetoka wapi. Nikampigia. Eti, "Shoga, mtu ana miaka themanini na sita, unataka awe na nguvu za nini? Weka namba yoyote!" Nikamwambia hakuna namba ya yoyote. Na mbona miguu hukuiandika? Eti mzee kakataa kuvua soksi, anasikia baridi. Rudi ukamvue, nikasema. Kacheka, kakata simu. Nilitaka tuendelee kidogo.

Jumanne, 13 Januari

Mficha maradhi kilio humfichua! Tawnya karudi, kamvua. Chini ya soksi — kidonda unyayoni, cha kisukari. Mzee alikuwa anaona aibu. Sasa Tawnya atakwenda kukisafisha, na shirika letu la wauguzi litalipwa. Nisingeuliza, mguu ungekatwa. Nimefurahi hadi nikaimba jikoni, nikala viazi vya juzi nimesimama.

Nikaongeza namba nyingine chini kabisa: anaishi peke yake. Hiyo nayo ina namba, jamani. Hailipi hata senti. Nimeiweka kwa sababu ni kweli.

Alhamisi, 15 Januari

Balaa. Tawnya kafika, mlango umefungwa. Mzee yuko ziwani, ziwa limeganda, naye kwenye kibanda chake juu ya barafu, anavua samaki kwenye tundu! Jirani kamkokota kwa sleji, kile kigari cha kuteleza kwenye theluji. Na Tawnya kaandika hivyo hivyo kwenye faili.

Bima hulipia muuguzi kwa mtu ambaye kutoka nyumbani ni shida. Kanisani ruhusa, kinyozi ruhusa, mara moja moja ruhusa. Bosi wetu Gretchen kapiga: "Darlene, ulizia ni mara ngapi. Kama ni mara moja, peleka madai. Kama ndiyo kawaida yake, tunamtoa kwenye huduma, hakuna namna."

Na akitolewa, kidonda nani atakisafisha? Kliniki iko mbali, gari kaliuza. Nimempelekea Tawnya swali. Nimemwomba Mungu, nami si mwombaji.

Ijumaa, 16 Januari

Tawnya kapiga mwenyewe. Sauti chini. "Nimemuuliza. Nikamkonyeza kabisa, Darlene! Nikasema, ni mara moja tu, sivyo, babu? Kanijibu, kila siku, binti, andika. Kule kuna watu. Hapa nasikia friji tu inanguruma."

Friji yangu ilikuwa inanguruma.

Halafu akaongeza: "Anakusalimu, wewe uliyemvua soksi. Anasema uje barafuni, kahawa ipo."

Nimetoka lini mara ya mwisho? Kabla ya Krismasi. Vyakula naletewa mlangoni. Mtu wa kushinda ndani ni mimi, si yeye!

Gretchen anangoja. Faili liko wazi, "kila siku" ile inanitazama, na kuifuta siwezi. Nikilipeleka hivi, Jumatatu hakuna muuguzi. Nani atamwambia? Kwa simu? Mzee yule, kwa simu?

Nimetoa buti kabatini. Moja nimeshaivaa —