Tope la Shimo la Kuoshea Magari

Jumatano, Kismayu

Mdogo wangu Shee anakohoa chumba cha pili. Alhamdulillahi, anapumua.

Lori la kunyonya tope hatuwezi kulilipia, kwa hiyo leo tulilichota wenyewe katika shimo letu la kuoshea magari. Shee aliingia shimoni na ndoo, kamba kiunoni. Mimi na mke wangu tulikuwa juu. Tope limejaa oili na petroli, na mvuke wake unalevya. Mara akaanguka, kimya.

Nikataka kuruka. Mke wangu akanikamata shati. "Utakufa nawe! Mvute!"

Tulimvuta, akatapika, akafumbua macho.

Tope tuliloanika kwenye turubai likikauka tutalitia maguniani. Ufukoni silimwagi, watu huokota chaza pale. Lakini magunia nitayapeleka wapi...

Shimo limebaki nusu. Jioni Shee aliniambia, "Kaka, kesho n'tamalizia."

Sikumkataza.