Bastola Haipatikani kwa Sasa

Jumanne, 8 Machi 2005

Ejensi wamenipigia asubuhi nikiwa bado natafuna mkate. Kazi ya kutafsiri, kituo cha polisi, Woolwich, saa nane mchana. Mjane Mkongo. Nikasema sawa. Miaka kumi na nne nafanya kazi hii, hospitali, mahakama, ofisi za nyumba, na mpaka leo neno mjane sijalizoea.

Anaitwa Angélique. Wa Bukavu, anasafisha wodi Lewisham. Mumewe, Pacifique, alikuwa mlinzi wa duka. Septemba 2002 alikuwa amesimama kituo cha basi akirudi nyumbani. Gari likapita, waliokuwa ndani wakawapiga risasi vijana wa ng'ambo ya barabara. Vijana wakakimbia. Pacifique hakuwa mtu wa upande wowote. Risasi moja tu, akafia palepale kwenye benchi.

Polisi waliokota maganda mawili ya risasi barabarani. Ndiyo ushahidi wote walio nao, maganda mawili, kila moja dogo kuliko kifuniko cha kalamu.

Aliyetueleza ni Jaspal, afisa anayehudumia familia. Singasinga wa Ilford, kilemba cha bluu, mpole. Anasema kila bastola ina pini inayogonga nyuma ya ganda na kuacha alama, na hakuna bastola mbili zenye alama moja. Sasa wameamua kulinganisha maganda ya Pacifique na yale yaliyoko kwa polisi wa miji mingine.

Angélique akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza taratibu: "Miaka mbili na nusu, hamukulinganisha?"

Nikatafsiri. Jaspal akatazama meza. Akasema kila jeshi la polisi lina maabara yake, na mashine ya hapa haisomi picha za mashine ya kule. Nikatafsiri na hilo. Mashine haisomi. Angélique akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa treni imechelewa.

Mimi ni wa Kigoma, Kiswahili cha Wakongo nimekizoea tangu utotoni, hakinipi taabu. Kinachonipa taabu ni Kiingereza cha ofisini. Hakina mtu ndani yake. Wanasema picha hazikutumwa. Hazikutumwa na nani?

Alhamisi, 14 Aprili

Leo nimesikia mambo ambayo hayakuwa yangu.

Nilifika mapema, wakanikalisha chumbani. Inspekta wa hapa London alikuwepo, Jaspal kando yake, na mama mmoja sajenti ametoka kaskazini kwa treni ya asubuhi. Angélique alikuwa hajafika. Wakaanza kuzungumza mbele yangu kama vile mimi ni koti limetundikwa ukutani.

Yamelingana. Bastola iliyomuua Pacifique ilikamatwa huko kaskazini Februari 2003, kwenye buti la gari. Miezi mitano tu baada ya mazishi! Wakaijaribu, wakahifadhi maganda ya majaribio kwenye droo ya maabara yao. Yamekaa kwenye droo hiyo miaka miwili.

Inspekta akasema, hamkututumia picha. Sajenti akasema, hamkuomba. Inspekta akasema utaratibu ni ninyi mtume. Sajenti akasema utaratibu upi, wenu au wetu? Wakaendelea hivyo, kwa adabu, kila mmoja akichanganya chai yake.

Halafu likaja lenyewe. Mwenye bastola alikiri kosa la kuwa nayo. Akafungwa, akatoka mwaka jana, na sasa hajulikani aliko. Na bastola, kesi yake ilipokwisha, ilipelekwa kuyeyushwa. Agosti 2003. Alama za vidole, jasho la mikono, kila kitu kimekwenda na moto. Hakuna aliyekuwa amewaambia wa kaskazini kwamba inatafutwa London.

Jaspal aliuma mdomo tu.

Wakakubaliana: leo mjane aambiwe kwamba maganda yamelingana, basi. Kuhusu bastola aambiwe haipatikani kwa sasa. Katika saa nzima hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana.

Angélique akaingia na binti yake, Miradie, miaka kumi na minne. Inspekta akasema aliyoyasema. Nami nikatafsiri kama nilivyoapa: siongezi, sipunguzi. "Bastola haipatikani kwa sasa." Kama simu ya mtu aliyezima.

Angélique akauliza: "Haipatikani, ni kusema ilipotea?"

Jibu: suala hilo linashughulikiwa.

Nikatafsiri. Suala hilo linashughulikiwa. Kwa mdomo wangu huu. Nimefika nyumbani nimepiga mswaki mara mbili, na ladha ipo palepale.

Jumamosi, 16 Aprili

Sokoni Woolwich, natafuta mchicha. Nikasikia "Dada!" Angélique. Amevaa kitenge kipya, uso umefunguka. Sijawahi kumwona akitabasamu.

Anasema, "Balishaijua ile bunduki. Mungu ni mukubwa. Sasa itakuja kwa tribinali, na miye nitaiona na macho yangu." Tribinali kwao ni mahakama. Kesho kanisa lao linafanya ibada ya shukrani. Ameagiza samaki, amealika watu arobaini. Akanialika na mimi. Akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akanishukuru. Kwa nini mimi? Kwa sababu mimi ndiye niliyempa habari. Sauti aliyoisikia ilikuwa yangu.

Nikamwambia nina kazi kesho. Sina kazi kesho.

Jumapili, 17 Aprili

Sikwenda. Mchana kutwa nimepiga pasi.

Jumatano, 11 Mei

Niandike kila kitu kabla sijaanza kukibadilisha kichwani.

Angélique ndiye aliyeomba kikao. Ombi lake ni moja, aione bastola. Haigusi, aione tu. Alisema yeye na binti yake hawakuruhusiwa hata kumwona Pacifique vizuri, jeneza lilifungwa mapema. Anataka kuona kitu kilichofanya hivyo, ajue ukubwa wake.

Walewale walikuwepo, Inspekta, sajenti wa kaskazini, Jaspal na daftari lake. Inspekta akasema kwa sababu za kitaalamu haitawezekana. Angélique akasema atasubiri, hata mwaka. Inspekta akasema anaelewa hisia zake, lakini kwa sababu za kitaalamu haitawezekana.

Hapo nilipaswa kusema sentensi moja tu. Nikasema ile sentensi, sababu za kitaalamu, haitawezekana. Halafu mdomo haukufunga. Nikaongeza, kwa sauti ileile ya kazi, bila kupandisha wala kushusha: "Muulize bastola iko wapi leo. Muulize hivyohivyo, na usikubali jibu lingine."

Angélique akanitazama. Miradie, ambaye Kiswahili anakielewa ila hajibu isipokuwa kwa Kiingereza, akageuka akanitazama pia. Na Jaspal aliacha kuandika.

Angélique akawageukia. "Ile bunduki iko wapi leo?"

Nikatafsiri. Inspekta akaanza na suala hilo linashughulikiwa. Akakatwa. "Apana. Leo. Iko wapi?"

Sajenti wa kaskazini ndiye aliyevunjika kwanza. Akasema iliteketezwa kwa mujibu wa taratibu, mwezi Agosti mwaka 2003.

Ikabidi nitafute neno. Iliteketezwa. Nikaona halitoshi, nikasema waliiyeyusha, kwa moto, nao walikuwa nayo mkononi.

Angélique hakulia. Akauliza tarehe ya kuikamata. Akaambiwa. Akahesabu kwa vidole, Septemba mpaka Februari. Halafu akasema, kwa upole kabisa: "Basi miye nilikuwa napigia simu yenu kila Ijumatatu, na bunduki ilikuwa kwenu."

Miradie ndiye aliyesimama. Kwa Kiingereza chake cha Woolwich akawauliza nani alitia sahihi. Jina la mtu. Nani alitia sahihi bastola iyeyushwe? Sajenti akasema ni mfumo. Miradie akasema mfumo hauna mkono wa kushika kalamu. Akamvuta mama yake wakatoka. Shali ya Angélique ikabaki kwenye kiti.

Niliichukua nikakimbia mpaka ngazini, wameshaondoka. Nikageuka nikamkuta Jaspal nyuma yangu kwenye korido.

Akasema kwa Kiswahili, Kiswahili cha Kisumu, kisafi: "Mama, nilisikia."

Nikaangalia kama kuna mtu mwingine kwenye korido.

Akasema bibi yake, aliyetoka Kisumu, ndiye aliyemlea, na jikoni kwao hapakuwa na lugha nyingine. Hajawahi kuwaambia kazini. Wangemtumia kama mkalimani wa bure. Nikamuuliza ataandika nini kwenye daftari lake. Akachukua shali mkononi mwangu, akasema ataipeleka yeye.



Jumanne, 24 Mei

Barua imefika kwa ejensi, wamenisomea kwa simu. Ni malalamiko rasmi dhidi yangu: mkalimani alizungumza kwa muda mrefu kuliko maneno aliyopewa, na inaelekea alimwelekeza mjane swali la kuuliza. Nimesimamishwa kazi mpaka kikao.

Nikaomba nakala. Nimeisoma mara tatu, siyo maneno, sahihi. Inspekta wa London na sajenti wa kaskazini, upande kwa upande, ukurasa mmoja, nembo mbili juu. Barua ya pamoja. Tarehe 20 Mei. Siku tisa!

Picha ya ganda la risasi ilishindwa kusafiri miaka miwili kutoka maabara moja hadi nyingine. Barua ya kunisema mimi imepita kwa wakubwa wawili, ikachapwa, ikasahihishwa, ikatiwa sahihi kwa siku tisa. Kumbe wanaweza. Kumbe walikuwa wanajua namba za simu za wenzao.

Nimecheka peke yangu jikoni mpaka nikaona haya.

Jumatatu, 6 Juni

Kikao. Meneja wa ejensi na mama mmoja wa sajili ya wakalimani, mwenye miwani ya kamba. Walikuwa waungwana. Wakanipa maji.

Nilikwenda nimejiandaa kukiri. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwenye basi la 54: ndiyo niliongeza, na sababu ni hii. Sijafungua mdomo, meneja akasema kuna jambo linalonisaidia. Akanisomea maandishi ya afisa wa familia ya siku ile. Mkalimani alitafsiri kwa ukamilifu. Mjane aliuliza swali kwa hiari yake. Chini, sahihi ya Jaspal.

Mama wa miwani akaniuliza: una la kuongeza juu ya maelezo ya afisa?

Nikaona wazi. Nikikiri, yule kijana ameandika uongo kwenye karatasi ya polisi, na kazi yake imekwisha. Nikinyamaza, uongo wake ni wangu.

Nikasema, sina la kuongeza.

Wakaandika. Wakasema watanijulisha baada ya wiki mbili, nisiwe na wasiwasi. Nimetoka pale mtu safi, na sijawahi kujisikia mchafu hivi tangu niingie nchi hii.

Jumanne, 7 Juni

Simu kutoka kwa wakili, Nurjehan. Ana ofisi Lewisham, juu ya duka la viatu. Angélique amempa kesi. Wanataka mambo mawili: uchunguzi wa wazi kuhusu bastola ilivyoyeyushwa, na mwenye bastola atafutwe kweli, si kwa barua.

Polisi wamemwandikia kwamba walijua habari za kuyeyushwa siku ileile ya tarehe 11 Mei, hawakumficha mjane kitu. Nurjehan anauliza: ulifika mapema tarehe 14 Aprili. Ulisikia chochote kabla mteja hajaingia?

Nikamwambia niliapa kutunza siri. Akasema siri ya Angélique, ndiyo. Ya kwao, hebu fikiria ni siri ya nani. Hakunisukuma. Akanipa siku mbili.

Angélique mwenyewe hajanipigia. Ningependa angenipigia, anitukane kwa ile ibada ya shukrani, samaki, watu arobaini.

Alhamisi, 9 Juni

Naandika haya ofisini kwa Nurjehan, ameenda chumba cha pili kupiga fotokopi ya kitambulisho changu. Angélique amekaa pale dirishani, shali ile begani. Tuliposalimiana alinibusu mashavu yote mawili.

Nimekubali. Nimeshasema yote ya tarehe 14 Aprili: chai, droo, hamkututumia, hamkuomba, moto, na neno lile la haipatikani walivyolichagua. Nurjehan anaandika kwa mkono, haraka, mwandiko mdogo. Alipofika mwisho akarudi juu, akasema maelezo lazima yataje kila aliyekuwemo chumbani, maana wote wataitwa kuapa, na maandishi yao yote yatafunguliwa, ya siku ile na ya vikao vilivyofuata.

Nikamtaja Inspekta. Nikamtaja sajenti wa kaskazini. Nikasema nina kiu.

Angélique amenimiminia maji, anayaleta. Ananiambia, polepole, kwamba Jaspal alikuja na shali mpaka nyumbani, akakaa saa nzima, akala. "Yule kijana ana roho muzuri," anasema. "Ni yeye peke yake hakutufichaka kitu."

Mashine ya fotokopi imenyamaza. Kwenye karatasi, chini ya namba mbili, Nurjehan ameshaandika namba tatu, na nafasi tupu mbele yake.